Kidirisha cha Kuchagua Folda katika Skripti ya QGIS: Mfano wa Ramani za Mteremko za Bumbuli, Usambara Magharibi

Utangulizi

Tasnifu nyingi za jiografia, misitu na mipango ya ardhi siku hizi huambatishwa skripti, yaani msururu wa maagizo ya Python ambayo programu ya ramani huyatekeleza badala ya mtafiti kubonyeza menyu moja baada ya nyingine. Mtahini anayepokea tasnifu ya namna hiyo ana haki ya kuiendesha skripti na kuona kama ramani zilizomo katika sura ya matokeo zinapatikana tena. Mara nyingi hazipatikani. Kosa huwa haliko katika kanuni ya kukokotoa wala katika data, bali katika mstari mmoja ulio juu kabisa ya skripti, unaotaja folda iliyomo katika kompyuta ya mtafiti na isiyokuwamo katika kompyuta nyingine yoyote.

Makala haya yanafafanua namna ya kuuondoa mstari huo na kuweka mahali pake kidirisha cha kuchagua folda katika programu ya QGIS. Mfano unaotumika ni skripti inayokokotoa mteremko wa ardhi ya Bumbuli, katika Milima ya Usambara Magharibi, mkoani Tanga. Katika eneo hili mteremko si takwimu ya mapambo. Mmomonyoko wa udongo umekuwa hoja ya utawala na ya wakulima tangu enzi za ukoloni, pale mpango wa kuhifadhi bonde la Mlalo ulipoanzishwa miaka ya 1940 na kupingwa vikali na wakulima wa Kisambaa, hadi mradi wa SECAP ulioanza mwaka 1981 kuhimiza matuta na upandaji wa miti wilayani Lushoto. Ramani inayosema shamba fulani liko juu ya mteremko mkali inaweza kuathiri matumizi ya ardhi ya watu halisi. Kwa hiyo uwezo wa mtu mwingine kuirudia ramani hiyo ni sehemu ya uthibitisho wake. Sababu nyingine ya kuichagua Bumbuli ni ya kiisimu, nayo itajitokeza punde.

QGIS imetumika kwa kuwa ni programu huria. Ilianzishwa na Gary Sherman mwaka 2002, haihitaji kununuliwa leseni, na mtahini anaweza kuisakinisha bila kuomba kibali cha idara. Katika makala haya neno folda limetumika badala ya kabrasha. Maneno yote mawili yanaeleweka, lakini folda ndilo linalosikika ofisini na vyuoni, na mtumiaji anayesoma maandishi ya kidirisha hana muda wa kutafuta kamusi. Kidirisha ni dirisha dogo linalofunguka juu ya programu, humwuliza mtumiaji jambo moja, kisha hujifunga.

Njia iliyoandikwa kwa mkono

Skripti ya kawaida ya mwanafunzi huanza na mstari wa aina hii:

folda = "D:\bumbuli"

Mstari huu una dosari mbili. Ya kwanza inajulikana: diski D huenda haipo katika kompyuta ya mtahini, au ipo bila folda hiyo. Data zinazosafirishwa kwa flashi huongeza tatizo, kwa sababu herufi ya diski hubadilika kutoka E kwenda F kutegemea nini kingine kimechomekwa siku hiyo.

Dosari ya pili haionekani kwa macho. Katika Python, mkwaju wa kinyume ( \ ) ukifuatwa na herufi fulani hausomwi kama mkwaju. Jozi ya \b husomwa kuwa alama moja ya kufuta nyuma, \t kuwa nafasi ya kichapo, \n kuwa mstari mpya, \f kuwa ukurasa mpya, na \v kuwa nafasi ya wima. Kwa hiyo "D:\bumbuli" haimaanishi folda ya bumbuli hata kidogo. Ni herufi D, nukta pacha, alama ya kufuta nyuma, kisha "umbuli". Folda hiyo haipo katika kompyuta yoyote duniani, pamoja na ile ya mwandishi wake.

Hapa ndipo kata za Halmashauri ya Bumbuli zinapotoa mfano ambao vitabu vya kufundishia Python havijaufikiria. Mtafiti aliyepanga data zake kwa kata, na kuandika majina kwa herufi ndogo, atakuta kwamba soni, mponde, mgwashi na mayo zinafunguka bila shida, ilhali baga, funta, nkongoi, tamota na vuga hazifunguki. Hakuna chochote katika data kinachoeleza tofauti hiyo. Vuga, iliyokuwa makao ya watawala wa Kilindi, haina kasoro ya kijiografia. Kasoro yake ni kuanza na v. Kata ya Usambara ina hali ya pekee: "D:\usambara" huifanya skripti nzima ikatae kuanza, kwa sababu \u hudai kufuatwa na tarakimu nne za mfumo wa kumi na sita, na herufi za "samb" si tarakimu hizo. Kuandika kwa herufi kubwa hakuokoi kila mahali. Bumbuli, Funta, Tamota na Vuga zitapona, lakini \U na \N nazo ni alama maalumu, hivyo Usambara na Nkongoi zitaendelea kukataa. Ni kwa sababu hiyo hiyo njia inayoanza na "C:\Users" huwasumbua wanaoanza kujifunza Python katika Windows.

Dawa zinazotolewa kwa kawaida ni kutumia mkwaju wa kawaida ( / ), kuandika mikwaju miwili ya kinyume, au kutanguliza herufi r kabla ya alama za kunukuu. Zote ni sahihi, na zote zinaacha dosari ya kwanza ilipokuwa. Kidirisha huziondoa mbili kwa pamoja: mtumiaji huonyesha folda kwa kipanya, na njia inayorejeshwa kwa skripti huja na mikwaju ya kawaida hata katika Windows.

Kidirisha chenyewe

QGIS imejengwa juu ya maktaba ya Qt, na Qt ina kidirisha kilicho tayari. Hakuna haja ya kusanifu kipya. Sehemu ya mwanzo ya skripti huwa hivi:

import os
from qgis.PyQt.QtWidgets import QFileDialog
from qgis.core import QgsSettings
from qgis.utils import iface

kumbukumbu = QgsSettings()
mwanzo = kumbukumbu.value("mteremko/folda", "")
if not os.path.isdir(mwanzo):
    mwanzo = os.path.expanduser("~")

folda = QFileDialog.getExistingDirectory(
    iface.mainWindow(),
    "Chagua folda yenye rasta za mwinuko",
    mwanzo)

if folda:
    kumbukumbu.setValue("mteremko/folda", folda)

Kidirisha kimeitwa kupitia qgis.PyQt na si PyQt moja kwa moja. Skripti za zamani, zilizoandikwa kabla ya QGIS 3 kutoka mwaka 2018, huanza na PyQt4 na kukitafuta kidirisha katika QtGui, mahali ambapo hakipo tena. Kupitia qgis.PyQt, programu yenyewe huchagua toleo la Qt ililojengewa, na skripti huishi muda mrefu zaidi.

Hoja ya kwanza inayopewa getExistingDirectory ni dirisha kuu la QGIS. Ikiachwa tupu, kidirisha kinaweza kufunguka nyuma ya dirisha kuu, na mtumiaji akadhani programu imekwama kumbe inamsubiri yeye. Hoja ya pili ni maandishi ya juu ya kidirisha, na mahali hapa panastahili uangalifu kuliko inavyodhaniwa. "Chagua folda" haitoshi, kwa kuwa haisemi folda ya nini. Maandishi yaseme aina ya data inayotarajiwa, na yaseme kwa Kiswahili ikiwa skripti imekusudiwa maofisa ardhi wa halmashauri. Ieleweke hata hivyo kwamba ni maandishi hayo tu yanayotawaliwa na skripti. Vitufe vya kukubali na kughairi huletwa na mfumo endeshi wa kompyuta, na hubaki katika lugha ya mfumo huo. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulionyesha kwamba programu nzima inaweza kuzungumza Kiswahili, lakini kazi ya aina hiyo haifanywi ndani ya skripti ya mistari hamsini.

Hoja ya tatu ni mahali pa kuanzia. QgsSettings huhifadhi folda iliyochaguliwa mara ya mwisho, ili mtumiaji asianze kutafuta upya kila siku. Ukaguzi wa os.path.isdir umewekwa kwa ajili ya flashi: folda iliyokumbukwa jana inaweza kuwa mfukoni mwa mtu leo.

Jambo moja huwashtua watumiaji wapya. Kidirisha hiki huonyesha folda tu, hakionyeshi mafaili. Mtu anayefungua folda yenye rasta kumi huiona tupu na kudhani data zimepotea. Si kosa la skripti, lakini mwongozo ulioambatishwa unapaswa kulitaja kwa sentensi moja.

Kwa nini kuchagua folda na si faili moja? Mji mdogo wa Bumbuli uko ndani ya kigae S05E038 cha data za mwinuko za SRTM, zilizokusanywa kutoka angani Februari 2000. Kigae hicho huanzia latitudo ya 5 hadi ya 4 kusini, na longitudo ya 38 hadi ya 39 mashariki, hivyo mtafiti wa Bumbuli pekee angeweza kuridhika na faili moja. Lakini anayetaka kulinganisha na Amani, katika Usambara Mashariki, huvuka latitudo ya 5 na kuhitaji kigae S06E038. Vigae vikishakuwa viwili, kuchagua faili mojamoja kunarudisha makosa ya mkono yaliyokusudiwa kuondolewa.

Mtumiaji anapoghairi

Sehemu inayosahauliwa zaidi ni mstari wa if folda. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha kughairi, getExistingDirectory haitoi kosa lolote. Hurejesha mfuatano mtupu wa herufi. Kinachofuata hutegemea jinsi skripti ilivyoandikwa. Ikitumia os.listdir, Python itasimama na kutoa kosa, na hapo ni afadhali. Ikitumia glob au pathlib, mfuatano mtupu husomwa kuwa folda ambamo programu inafanyia kazi wakati huo, na skripti huanza kuchakata chochote inachokikuta humo. Vivyo hivyo, os.path.join ikipewa folda tupu na jina "mteremko.tif" hurejesha "mteremko.tif" peke yake, na tokeo huandikwa mahali ambapo mtumiaji hakupachagua na huenda asipajue. Mtu aliyeghairi kwa sababu alikuwa na shaka ndiye anayeadhibiwa.

Kwa hiyo kazi yote ya skripti ikae chini ya sharti hilo, na upande wa pili wa sharti umjulishe mtumiaji kwa ujumbe mfupi katika upau wa ujumbe wa QGIS kwamba hakuna folda iliyochaguliwa na hakuna kilichobadilishwa. Nusu ya pili ya ujumbe huo ndiyo inayomtuliza.

Folda ya matokeo iulizwe kwa kidirisha cha pili, na skripti ikatae ikiwa folda hizo mbili ni moja. Sababu ni hii: skripti huchukua kila faili linaloishia na .tif. Ikiandika rasta ya mteremko katika folda ile ile ya mwinuko, ikiendeshwa mara ya pili itaichukua rasta ya mteremko kana kwamba ni mwinuko na kukokotoa mteremko wa mteremko. Tokeo lake lina rangi, lina safu, linafunguka vizuri, na halina maana. Hakuna ujumbe wa kosa utakaotokea.

Kuhusu ncha ya jina la faili, ukaguzi ufanywe baada ya kuyageuza majina yote kuwa herufi ndogo. Picha za Landsat hutolewa zikiwa na .TIF kwa herufi kubwa. Windows haijali tofauti hiyo, Linux inaijali.

Folda iliyochaguliwa, data isiyofaa

Kidirisha kinahakikisha kwamba folda ipo. Hakihakikishi kwamba kilichomo ndicho kinachotakiwa, na uhuru wa kuchagua huleta hatari ambayo njia iliyoandikwa kwa mkono haikuwa nayo: mtumiaji anaweza kuonyesha folda ya jirani. Skripti inapaswa kukagua kabla ya kukokotoa.

Ukaguzi wa kwanza ni wa vipimo. Data za SRTM hutolewa kwa digrii za latitudo na longitudo, ilhali mwinuko wake uko katika mita. Zikichakatwa hivyo hivyo kwa kipimo cha kawaida, umbali wa seli moja hadi nyingine huonekana kuwa sehemu ndogo mno ya "mita", na karibu kila mahali penye mwinuko hata kidogo pataonekana kuwa ukuta wa digrii zinazokaribia 90. Kosa hili angalau linaonekana. Agizo rasta.crs().isGeographic() hulibaini kabla halijatokea, na rasta ihamishiwe kwanza katika EPSG:32737, yaani ukanda wa 37 kusini wa UTM kwa msingi wa WGS 84.

Ukaguzi wa pili ni mgumu zaidi na una uzito mkubwa. Ramani za topografia za Tanzania za uwiano wa 1:50,000 zimejengwa juu ya msingi wa Arc 1960, na vekta nyingi zilizochorwa kutoka katika ramani hizo zimerithi msingi huo, kwa namba EPSG:21037. Vipimo vya GPS huja kwa WGS 84. Ukanda ni ule ule wa 37 kusini, kipimo ni mita katika zote mbili, na namba za viwianishi zinafanana kwa sura. Lakini data za msingi mmoja zikisomwa kwa msingi wa mwingine, kila kitu husogea karibu mita 300, hasa kwa mwelekeo wa kaskazini na kusini.

Katika uwanda, mita 300 zinaweza kupita bila kutambuliwa. Bumbuli si uwanda. Mita 300 hapo zinatosha kulihamisha shamba kutoka bondeni hadi mgongoni mwa mlima, au kuupeleka mpaka wa kijiji ndani ya msitu wa hifadhi kama Mazumbai, unaomilikiwa na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kosa la msingi wa ramani ni mara tano ya umbali huo. Mkulima ambaye shamba lake liko mbali na kijito anaweza kusomeka kuwa mvunjaji wa sheria, na aliye ukingoni akasomeka kuwa salama, kwa sababu tu ofisa alichagua folda iliyoandikwa "mito" badala ya nyingine iliyoandikwa "mito_mpya".

Kwa sababu hiyo skripti isiridhike na kusoma msingi uliotajwa katika faili. Imwonyeshe mtumiaji, mara baada ya kidirisha kufungwa, orodha fupi ya mafaili iliyoyakuta na msingi wa kila moja, kisha imwombe athibitishe. Agizo rasta.crs().authid() hutoa namba hiyo, na kwa vekta ni hivyo hivyo. Faili lisilotaja msingi wowote lisipewe msingi wa kukisia. Lirukwe, na jina lake litajwe. Wapo wanaoona kwamba hatua hii inamchosha mtumiaji. Lakini ni sekunde tano za kusoma, nazo zinafanywa na mtu anayelijua eneo, ambaye ndiye pekee anayeweza kugundua kwamba folda si ile.

Ifahamike pia kwamba hata folda sahihi haiondoi mipaka ya data yenyewe. Seli ya SRTM ina upana wa takriban mita 30. Matuta yaliyochimbwa na wakulima hayaonekani ndani yake. Mteremko unaokokotolewa ni wa mlima, si wa shamba kama lilivyotengenezwa kwa jembe.

Skripti inapohamia katika kisanduku cha uchakataji

Kidirisha kilichoelezwa hadi hapa kinafaa kwa skripti inayoendeshwa kutoka katika kihariri cha Python ndani ya QGIS. Skripti ikikomaa, waandishi wengi huigeuza kuwa zana katika kisanduku cha uchakataji cha QGIS, ili itumike kama zana nyingine. Hapo QFileDialog haipaswi kuitwa tena. Zana za kisanduku hicho kwa kawaida hutekelezwa katika uzi wa nyuma, nje ya uzi unaoendesha madirisha, na kufungua kidirisha kutoka huko kunaweza kuiangusha programu nzima pamoja na kazi ambayo haijahifadhiwa. Waandishi wanaonakili mistari ile ile kutoka skripti ya awali huishia hapa mara kwa mara.

Njia sahihi ni kuitangaza folda kuwa kigezo cha zana. Folda ya data hutangazwa kwa QgsProcessingParameterFile, tabia yake ikiwekwa kuwa folda, na folda ya matokeo hutangazwa kwa QgsProcessingParameterFolderDestination. QGIS yenyewe huchora kisanduku cha maandishi na kitufe kando yake, na kitufe hicho hufungua kidirisha kile kile. Kigezo kisichokuwa cha hiari hakikubali kuachwa kitupu, hivyo sharti la kughairi linashughulikiwa bila mstari wa ziada. Ukaguzi wa msingi wa ramani hubaki kuwa kazi ya mwandishi, na ujumbe wake huandikwa katika kumbukumbu ya zana badala ya upau wa ujumbe.

Faida nyingine huonekana zaidi kwa mtahini. Zana iliyotangaza folda kama kigezo huacha njia iliyotumika ndani ya historia ya uchakataji, pamoja na tarehe na thamani nyingine zote. Aidha inaweza kuendeshwa bila dirisha lolote kupitia agizo la qgis_process, njia ikitolewa kama maandishi, jambo ambalo skripti yenye kidirisha haiwezi, kwa kuwa hakuna mtu wa kubonyeza. Anayetaka kuandaa ramani za kata zote kwa usiku mmoja atahitaji njia hii ya pili. Naye atakapoandika njia hizo kwa mkono katika faili la maagizo la Python, atakutana tena na \b ya Baga na \v ya Vuga.